Mtemi Isike wa Unyanyembe na Boma Lake

Katika kitabu hiki cha yubile tumekwisha kuandika habari za mapadre, masista na makatekista waliolima shamba hili toka mwanzo. Sasa twataka kuandika habari za mtu ambaye hakuwa wetu, wala hakututakia mema sikuzote. Lakini mtu anayeandika mambo ya Tabora hawezi kumpita bila kumtaja. Ndiye Mtemi Isike, mwana wa Kiyungi, aliyetawala Unyanyembe toka mwaka 1876 hata Januari 1893. Wako wanaomtaja kama adui wa misioni tu, wasiseme neno jingine. Wako tena wanaomtaja kama shujaa tu, wasitake kusikia neno jingine. Sisi tumeona afadhali kumtazama kwa kazi iliyomjulisha mbele ya rafiki na adui, yaani boma lake. Maana Isike alitumaini ukuta kuliko watemi wote waliomtangulia katika nchi hii, na ukuta ni kitu kisichojua kujipendekeza wala kuchukia. Tena waalimu wetu na mafundi wetu wanaweza kuupima kwa akili zao wenyewe.

Itetemia si jina la juzi. Mwingereza Burton alipofika Unyanyembe mwishoni mwa mwaka 1857, pamoja na mwenzake Speke, alimkuta Mtemi Fundikira akikaa huko, katika mteremko wa vilima vilivyo karibu na mji wa Waarabu. Fundikira alikuwa amezoea safari za biashara. Alikuwa njiani kwenda pwani aliposikia kwamba baba yake amekufa, akarudi kushika utemi. Mahali pa mtemi Wanyamwezi hupaita kwikuru, na katika neno hilo ndimo lilimotoka neno ikulu ambalo leo twalitumia sote katika Kiswahili. Siku za Fundikira mambo yalikuwa ya amani. Waarabu walikuwa wageni, wakijenga nyumba zao Kaze na Kwihara, wakinunua pembe za ndovu na watu, nao walimheshimu mtemi.

Fundikira alikufa mwaka 1858, na nyuma yake akatawala Mnywa Sele. Huyu alitaka kutoza ushuru mali za Waarabu. Waarabu wakakataa, wakamwondoa kwa vita, wakamtawaza Mkasiwa, aliyeitwa pia Kiyungi, ndiye baba yake Isike. Tunawasihi wasomaji waangalie sana yaliyompata Mnywa Sele, kwa sababu Isike aliyajua toka utoto. Mnywa Sele alikuwa na watu waliompenda, alikuwa na haki ya ukoo, na moyo wa vita haukumpungukia. Hakuwa na mahali pa kusimama. Kwa miaka mitano hivi alitangatanga msituni, akipiga misafara na kukimbia. Speke alipopita tena mwaka 1861 alikutana naye akajaribu kuwapatanisha na Waarabu, asifaulu. Mwaka 1865 akakamatwa, akauawa. Mkasiwa naye alikuwa na mahali pa kusimama, lakini mahali penyewe palishikwa na mikono ya wengine: alitawala kwa kuwa Waarabu walitaka atawale. Basi kijana Isike alikua akiona mifano miwili, mtemi asiye na ukuta na mtemi ambaye ukuta wake ni watu wa kigeni.

Mfano wa tatu aliuona mwaka 1871. Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Mwezi wa Agosti Waarabu walimwendea kwa jeshi kubwa, wakatwaa boma moja lake liitwalo Wilyankuru, wakafurahi wakapakia pembe na mateka. Kumbe Mirambo alikuwa amekwisha kutoka bomani na watu wake wa vita, akajificha njiani katika majani marefu, akawaangukia walipokuwa wakirudi wamelemewa na mizigo, akaua wengi. Baada ya siku chache akaja Tabora yenyewe, akachoma moto sehemu kubwa ya mji. Mmarekani Stanley alikuwa Kwihara siku hizo. Alipoona moshi aliwaamuru watu wake watoboe matundu ya bunduki katika kuta za udongo za tembe alimokaa, wakachimba na mashimo nje pande zote. Mirambo hakuja hata pale. Tembe hilo ndilo ambalo mwaka uliofuata Livingstone alikaa miezi mingi akingoja wapagazi wa safari yake ya mwisho, na mahali pake pameonyeshwa kwa wageni hata siku zetu.

Hapo twataka kusimama kidogo tueleze namna za maboma yaliyokuwako katika nchi hizi, kwa kuwa vijana wa shule wakisikia neno boma hufikiri nyumba ya serikali, na wengine hudhani maboma yote ya zamani yalikuwa sawa.

La kwanza na dogo kuliko yote ni boma la miiba. Matawi ya miti yenye miiba hukatwa, yakalazwa duara, vichwa vikielekea nje. Hili linatosha kwa fisi na simba, na kwa msafara unaolala usiku mmoja. Kimo chake si kitu. Mtu mrefu aweza kuona juu yake. Nguvu yake ni maumivu tu. Kiangazi kikija hukauka, na kijinga kimoja cha moto chalimaliza kabla mchi haujamaliza kutwanga.

La pili ni ua wa minyaa. Mnyaa hupandwa kwa kukata kijiti na kukichomeka, nao huota hata mahali pakavu, ukasongamana mpaka kuku hapiti. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni humtesa mtu vibaya. Stanley aliona ua wa namna hiyo katika kwikuru ya Mkasiwa, akastaajabu. Uzuri wake ni kwamba hauungui upesi kwa sababu umejaa maji, tena hauozi, maana ni mti ulio hai. Kila mwaka huzidi kimo bila fundi. Ubaya wake ni mmoja nao ni mkubwa: risasi hupita ndani yake kama kitu si kitu. Ua wa minyaa huzuia miguu, hauzuii bunduki. Zamani za mishale ulifaa sana. Bunduki za gumegume zilipoanza kuja kwa maelfu kutoka pwani, ua ule ukabaki kuwa pambo na kizuizi cha kwanza tu.

La tatu ni boma la magogo. Nguzo za miti migumu husimamishwa zikigusana, na katika maboma makubwa zilisimamishwa safu mbili au tatu. Hapa ndipo suala la kimo linapoanza kuwa gumu. Nguzo iliyosimama ni kama jembe linalong'oa kisiki: kadiri mpini ulivyo mrefu, ndivyo nguvu ndogo iwezavyo kufanya kazi kubwa. Mtu akisukuma nguzo juu kichwani pake, mguu wake ulio chini ya ardhi ndio unaovutana na udongo. Kwa hiyo mafundi huzika theluthi moja hivi ya urefu wa gogo. Atakayeongeza kimo bila kuongeza kina cha shimo hakujiongezea nguvu, amemsaidia adui. Adui wengine wawili wa magogo hawana bunduki: mchwa na moto. Mti laini huliwa na mchwa mguuni, ukaonekana umesimama mzima kumbe unashikwa na jirani zake tu. Ndiyo sababu wenye busara walikandika magogo udongo mzito ndani na nje. Udongo huzuia moto, na gogo huzuia udongo usipasuke.

La nne ni ukuta wa udongo mtupu, na hili ndilo lililokuwa tabia ya Unyamwezi. Tembe lenyewe ni ngome. Vyumba hujengwa vikishikana pande nne, paa lao ni tambarare, limelazwa boriti na kufunikwa udongo, na ua uko katikati, na mlango ni mmoja au miwili. Kuta za nje hazina madirisha ila vitundu. Adui akitaka kuchoma paa hakuti majani ya kuchoma. Risasi ya gobori ikipiga ukuta wa udongo huzama na kulala mle ndani. Haivunji kitu, haitoki upande wa pili. Hapo udongo ulishinda hata jiwe, kwa kuwa jiwe likipigwa hurusha vipande.

Lakini udongo nao una sheria zake. Fundi huujenga kwa tabaka, akiacha kila tabaka ikauke kabla ya kuweka nyingine, maana udongo mbichi hauwezi kubeba. Atakayeharakisha ataona ukuta umevimba tumbo chini, na asubuhi umelala. Unene wa mguuni lazima uzidi unene wa kichwani. Mafundi wa matofali mabichi wa siku hizi hushika kipimo hiki, kwamba ukuta unaosimama peke yake, usio na paa wala ukuta mwingine wa kuuegemea, usizidi kimo cha mara 8 hivi ya unene wake. Basi ukuta wenye unene wa nusu mita unakoma katika mita 4. Lakini tembe lina ujanja wake: kuta zake za ndani huzishika zile za nje kila hatua chache, kama vidole vinavyoshika kiganja, kwa hiyo lilikuwa imara kuliko ukuta wa peke yake ulio na unene ule ule. Na mvua! Ukuta wa udongo usiofunikwa kichwa na usioinuliwa mguu juu ya jiwe hauhitaji vita. Masika mbili tatu zinatosha.

La tano ni ukuta wa mawe. Vilima vya Tabora vimejaa mawe makubwa ya matale, nayo hupasuliwa kwa kuwashiwa moto na kumwagiwa maji. Yakipangwa kwa udongo husimama kwa uzito wao. Nguvu ya ukuta wa mawe ni uzito, na udhaifu wake uko katika viungo. Jiwe halivunjiki, lakini likisukumwa huteleza juu ya mwenzake. Wahehe walijenga ukuta wa mawe na udongo Kalenga, wenye kimo cha mita 4 hivi, na habari zake tutazigusa mbele.

Tumesema kuta zinazosimama peke yake. Lakini maboma mengi yalichimbiwa handaki, na udongo uliotoka shimoni ukalundikwa ndani, nyuma ya ukuta. Fundi anayefanya hivyo ameubadilisha ukuta wake, hata kama macho hayaoni tofauti. Ukuta ule sasa una adui nyuma yake mchana na usiku, yaani udongo wenyewe unaotaka kurudi shimoni. Waalimu waliojenga shule katika mteremko wanalijua jambo hili, nao mara nyingi wamelijua kwa hasara. Mzigo wa udongo hauongezeki sawasawa na kimo. Ukuta wa mita 2 unasukumwa mara 4 kuliko wa mita 1, si mara 2. Na nguvu ya kuupindua kifudifudi ni mara 8. Ndiyo maana ukuta wa mawe makavu hutosha kabisa kushika tuta la bustani lenye kimo cha goti au kiuno, na mjenzi yule yule, kwa mawe yale yale, akipandisha kimo kupita kichwa chake, huona kazi yake imeinama baada ya mvua ya kwanza. Ukuta wa uzito wa kushika udongo hutaka msingi wenye upana wa nusu ya kimo chake au zaidi, na uso wake uegemee nyuma kidogo kuelekea mlima, na matundu ya kutolea maji chini. Maji yakifungwa nyuma ya ukuta husukuma kuliko udongo. Sisi tumeona parokiani ukuta mzuri wa saruji, mrefu, mwembamba, usio na tundu hata moja, ukianguka mwaka wa pili, na jirani yake ukuta mfupi mnene wa mawe ya shambani, uliojengwa na mzee asiyejua kusoma, ungali umesimama.

Tumrudie Isike. Baba yake alikufa mwaka 1876, naye akashika utemi. Mara ya kwanza alikaa vizuri na Waarabu, kwa sababu wote walimwogopa Mirambo. Lakini hakutaka kuwa Mkasiwa wa pili. Kidogo kidogo alizidisha hongo ya misafara, akakusanya bunduki na baruti, akaweka askari wa rugaruga walioishi kwa mkono wake mwenyewe. Tena alijenga. Kwikuru yake katika nchi ya Itetemia ikawa boma lenye nguvu kupita maboma yote ya upande huu wa Unyamwezi, la kuta nene zenye matundu ya bunduki, na ndani yake matembe ya watu wake, ghala za chakula na ghala ya baruti. Mirambo alipokufa mwezi wa Desemba 1884, na nguvu ya Urambo ikapotea upesi, Isike alibaki mtemi mkubwa kuliko wote katika njia ya kati. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji au kwenda Ziwa Nyanza haukuweza kumkwepa ila kwa kuzunguka mbali.

Katika siku hizo ndipo alipokutana na misioni yetu. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Tabora mara ya kwanza mwaka 1878, na baadaye wakaweka kituo Kipalapala, wakawalea watoto waliokombolewa utumwani. Huko Kipalapala, mwaka 1887, Askofu Livinhac alimpa uaskofu Monsinyori Charbonnier, nayo ilikuwa mara ya kwanza ya kumfanya mtu askofu katika nchi hizi za ndani. Isike aliwavumilia mapadre kwa muda, na kwa muda akawasumbua, akiwataka vitu. Tusimhukumu upesi. Yeye aliona Wazungu wa namna nyingi wakipita, wengine na vitabu, wengine na bunduki za kuuza, na hakuwa na njia rahisi ya kuwapambanua. Mwaka 1886 mfanyabiashara Mdachi, Giesecke, aliuawa Tabora, na toka mwaka 1888 vita vya Abushiri vya pwani vilipeleka bara neno kwamba Wazungu wanataka kutwaa nchi. Neno hilo halikuwa la uongo. Mwaka 1889 mapadre waliona hawawezi kukaa tena, wakaiacha Kipalapala wakaenda upande wa Ziwa Nyanza. Nyumba zao za udongo zilizoachwa bila wenyewe zilipatwa na yale tuliyosema juu ya masika.

Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akitumikia Wadachi, alifika Tabora na msafara wake. Waarabu wa Tabora walifanya mapatano naye, bendera ya Kidachi ikapandishwa. Mambo ya Isike yakaharibika siku hiyo, ijapokuwa ukuta wake haukupungua hata tofali. Kwa miaka mingi alikuwa amewabana Waarabu. Sasa walipata bwana mwingine wa kumtegemea, tena mwenye nguvu. Watemi wa jirani nao walikuwa wamelipa hongo yake, wameona rugaruga wake. Hawakuwa na haraka ya kumlilia. Isike hakukubali kuwa chini ya Wadachi. Aliifunga njia, akaitisha Tabora yenyewe.

Katika mwaka 1892 Wadachi walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja, wakashindwa, wakarudi na majeruhi. Jambo hili linastahili kukumbukwa. Askari wale walikuwa na bunduki zinazopiga upesi na kwa mbali, nao walifundishwa kazi yao vizuri. Hata hivyo ukuta wa Wanyamwezi uliwarudisha. Mafundi wa Isike, ambao majina yao hayakuandikwa na mtu, walikuwa wamekadiria sawasawa. Walijua unene unaotosha kumeza risasi, walijua kimo ambacho mtu hawezi kuruka, nao hawakuongeza kimo kwa fahari. Habari za kushindwa huko zilisikika mbali, na watu wengi wa njiani walianza kusema kwamba Wadachi wanaweza kuzuiwa.

Ndipo akaletwa Luteni Tom von Prince. Alifika na kikosi kisicho kikubwa, akapata na wasaidizi wa Tabora. Mwezi wa Januari 1893 akaishambulia kwikuru, na safari hii askari wakaingia. Vita vilikuwa vya chumba kwa chumba, maana tulisema kwamba tembe ni ngome ndani ya ngome. Lakini boma lililokwisha kuingiwa lina ubaya wake ambao mjenzi hapendi kuufikiri: ukuta unaozuia watu wasiingie ni ule ule unaozuia walio ndani wasitoke. Mirambo, kama tulivyoona, alilitumia boma kama mtego kwa wengine, mwenyewe akiwa nje katika majani. Isike alikuwa ndani.

Alipoona mambo yamekwisha, Isike aliingia katika ghala ya baruti, akaitia moto. Alitaka asishikwe hai. Hakufa papo hapo. Wadachi walimtoa akiwa karibu na kukata roho, wakamnyonga. Sisi tulio Wakristo hatuwezi kusifu mtu kujitoa uhai, wala hatuoni sifa yoyote katika kumtundika mtu aliyekwisha kuwa mahututi. Tumeandika yote mawili kwa kuwa yote mawili yalifanyika, tena siku moja, mahali pamoja.

Vita havikuisha siku ile. Mkubwa mmoja wa askari wake, jina lake Swetu, aliendelea kupigana msituni kwa muda, kama Mnywa Sele zamani, bila ukuta. Wadachi wakamtawaza Nyaso, mwanamke wa ukoo wa utemi, na Unyanyembe ikatulia chini yao. Von Prince naye aliendelea na kazi hiyo hiyo. Mwezi wa Oktoba 1894 alikuwa katika jeshi la Gavana von Schele lililouvunja ukuta wa Kalenga, ule wa mawe tuliotaja. Mtemi wa Wahehe, Mkwawa, hakukaa ndani kungoja mwisho. Alitoka, akapigana porini karibu miaka minne zaidi. Tukilinganisha, ukuta wa Isike ulikuwa mfupi wa kuzunguka kuliko ule wa Kalenga, nao ulikuwa wa udongo, lakini ulirudisha mashambulio ambayo ule wa mawe haukuyarudisha. Ukuta mrefu wa kuzunguka mji wote unataka watu wengi wa kuulinda kila hatua; na mahali pasipo na mtu, mita 4 za mawe ni ngazi tu inayongoja kupandwa. Von Prince mwenyewe aliuawa Tanga, Novemba 1914, vitani na Waingereza.

Misioni ilirudi. Kituo cha Ushirombo kilianza mwaka 1891, Isike angali hai, na Ndala mwaka 1896, na baada ya hapo Tabora mjini. Kipalapala nako hakukuachwa kuwa magofu. Pakawa na seminari kubwa, na mapadre wengi wa nchi hii wamesoma pale. Wachache kati yao, tunadhani, walijua kwamba amani iliyowaruhusu kusoma ililetwa kwanza kwa moto wa baruti upande ule wa Itetemia. Ukoo wa utemi uliendelea kukaa Itetemia. Mmoja wao, Abdallah Fundikira, alikuwa mtemi na tena waziri katika serikali ya Tanganyika ya uhuru, akafa mwaka 2007.

Jambo moja lililobaki ni la ujenzi. Vita vilipokwisha, Wanyamwezi waliacha kukaa wakisongamana ndani ya maboma makubwa. Kila mtu alitoka akajenga karibu na shamba lake, na miji ile ya kuta nene ikatawanyika katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Tembe likaanza kuacha nafasi kwa nyumba ya msonge na ya mgongo, na baadaye ya bati. Ufundi wa kukadiria unene na kimo haukupotea pamoja nayo. Wana na wajukuu wa wale waliojenga maboma ndio waliofyatua matofali mabichi ya makanisa yetu ya kwanza, wakayajenga tabaka kwa tabaka, wakingoja kila moja ikauke, wakiweka mawe mguuni na paa pana juu, ili maji ya masika yaanguke mbali na ukuta.